Posa ya Oili: Mwongozo wa Kumwoza Injini ya Dizeli Asije Akaoza

Kiswahili kina neno moja lenye nyumba mbili. Kuoza ni kumpa binti mume. Kuoza, vilevile, ni kuharibika kama embe lililosahaulika kapuni. Mwenye gari la dizeli hapa Muscat anaishi baina ya nyumba hizo mbili. Akimchagulia injini yake oili inayomfaa, amemwoza. Akichukua kidumu chochote kwa kuwa ndicho kilichokuwa karibu na mlango wa duka, injini itaoza yenyewe, bila kadhi wala mashahidi.

Ndiyo maana mwongozo huu nimeupanga kwa utaratibu wa posa. Ni utaratibu tunaoujua sote, aliyezaliwa Ruwi na aliyezaliwa Ng'ambo ya Unguja: huozi mpaka uulize, na huulizi mpaka ujue unamuulizia nani. Nchi hii ilipakia shehena yake ya kwanza ya mafuta ghafi pale Mina al Fahal tarehe 27 Julai 1967. Itakuwa aibu injini kufia hapa kwa kukosa mafuta yanayostahili.

Hatua ya kwanza: Mjue bibi arusi

Injini ya dizeli si dada yake injini ya petroli. Ni binamu, tena wa mbali. Rudolf Diesel alipoionyesha dunia injini yake iliyofanya kazi vizuri, mjini Augsburg mwaka 1897, ajabu yake ilikuwa kwamba haina plagi ya kuwashia moto. Hewa hubanwa ndani ya silinda mpaka ibaki sehemu moja ya kumi na tano, au hata ya ishirini, ya nafasi iliyokuwa nayo. Kwa kubanwa hivyo huwa moto sana, na dizeli ikinyunyiziwa humo huwaka papo hapo.

Hapo unaona tabia za bibi arusi wetu. Ana nguvu, ana mikiki, na jikoni mwake mna masizi mengi. Masizi hayo hupenya pembeni mwa pistoni yakashuka kwenye oili. Ikiwa dizeli ina salfa, moshi wake ukikutana na unyevu huzaa asidi, nayo pia hushukia humohumo. Ikiwa kuna turbo, mhimili wake huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, ukielea juu ya utando wa oili mwembamba kuliko karatasi.

Kwa hiyo mume anayetafutwa ana kazi nne: kutenganisha chuma na chuma, kupoza pistoni na turbo, kuyabeba masizi yasigande, na kuiua asidi kabla haijala beringi. Akiwa mvivu katika moja, nyumba haisimami.

Na tangu sasa tuiondoe tuhuma moja ya uongo. Oili ya dizeli ikigeuka nyeusi siku chache baada ya kumwagwa mpya, usiitukane. Mume aliyekwenda shamba hurudi na vumbi. Weusi ule ni masizi yaliyobebwa ili yasijijenge kwenye ringi na kwenye mifereji. Rangi peke yake haikwambii kwamba oili imekwisha.

Hatua ya pili: Nenda kwa mzazi

Mzazi wa injini ni kitabu cha gari. Kipo ndani ya saraka ya dashibodi, chini ya karatasi za bima, boksi la tishu na mfuko wa tende wa Ramadhani iliyopita. Kitoe, kipanguse, umuulize mzee kwa adabu mambo matatu: uzito wa oili, daraja la ubora wake, na lita ngapi zinaingia pamoja na filta.

Mzee huyu hana maneno mengi wala hana upendeleo. Hajui jirani yako anatumia nini. Anachojua ni nafasi iliyoachwa baina ya beringi na mhimili, nguvu ya pampu, na kama binti yake ana turbo au ana chujio la masizi kwenye ekzosi. Hayo ndiyo yanayoamua. Jibu lake liandike kwenye simu yako kabla hujaenda popote.

Kitabu kikiwa kimepotea, itazame kofia ya pale oili inapotiwa. Mara nyingi uzito umeandikwa juu yake. Au mpelekee wakala wa gari namba ya chesesi, atakufungulia orodha. Usikubali kuoza binti kwa kuwa tu mzazi wake hakupokea simu mara moja.

Hatua ya tatu: Lisikilize baraza, kisha rudi kwa mzee

Ukishatangaza posa, watu hujaa. Shemeji atakwambia oili nyepesi ni ya wanawake. Jirani wa Al Khuwair atakwambia ile ya bluu ni tamu zaidi. Na kila baraza lina ami mmoja atakayenyanyua kikombe cha kahawa na kusema: "Mwanangu, hii nchi ya joto. Tia oili nzito, ile nzito kabisa."

Ami anasema kwa mapenzi, na anastahili kujibiwa kwa hoja. Basi tuingie jikoni.

Chukua samli. Asubuhi ya baridi kule Jebel Akhdar imeganda, kijiko hakipiti. Iweke jikoni, inatiririka kama maji. Oili nayo ina tabia hiyohiyo, na namba mbili za kwenye kidumu ndizo zinazoieleza. Katika 15W-40, ile 15 iliyoambatana na W inaeleza namna oili inavyokwenda injini ikiwa ya baridi, na kadiri namba inavyokuwa ndogo ndivyo inavyokwenda kwa wepesi. Ile 40 inaeleza uzito wake ikishapata moto, nao hupimwa kwenye nyuzi 100. Kwa hiyo 15W-40 na 5W-40 zikishapata moto ziko daraja moja la uzito. Zinachopishana ni asubuhi.

Sasa, asubuhi ya Muscat ni ipi? Tarehe 26 Juni 2018, mjini Quriyat, ndani ya mkoa wetu huu wa Muscat, joto lilikaa saa 24 bila kushuka chini ya nyuzi 42.6. Usiku ulikuwa na joto la mchana wa nchi nyingine. Ukipanda juu kabisa, Jebel Shams, karibu mita 3,000 kutoka baharini, baridi ya Januari hushuka chini ya sifuri. Lakini 15W hupimwa kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, na 5W kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri. Hakuna barabara ya Oman itakayokufikisha kwenye baridi hiyo. Kwa upande wa baridi, basi, 15W haina lawama hapa ikiwa mzee ameiruhusu. Na mzee akitaja 5W, mpe 5W: oili nyepesi hufika haraka kwenye turbo na kamshafti pale unapowasha gari, na sekunde zile za mwanzo ni za kulika kwa chuma.

Namba ya pili ndiyo inayomhangaisha ami. Jua linachoma, kwa hiyo, anaona, injini nayo inaungua. Lakini injini ina themostati na rejeta zinazoishikilia karibu na joto lake lilelile, Muscat au Mombasa. Joto la nje huongeza mzigo, hasa ukiwa na kiyoyozi na tela, na ndiyo maana vitabu vingi vina jedwali la uzito kwa joto la nchi. Lisome jedwali hilo. Ikiwa mzee ameandika 30, binti yake ameumbiwa mianya ya 30. Ukimtilia 50 umempa halwa ainywe kwa mrija. Pampu itasukuma kwa shida, oili itachelewa kufika juu, na dizeli utainunua zaidi.

Kinyume chake pia kina hatari. Ukiwa na gari linalotaka 40 ukalitilia oili nyepesi, kisha ukapakia familia na kupanda kutoka Birkat al Mawz, pale polisi wanaporuhusu magari yanayosukumwa na magurudumu yote manne tu, mpaka uwanda wa Saiq ulio karibu mita 2,000 juu, utando wa oili utabanwa kwenye beringi mpaka ukatike. Chuma kikikutana na chuma hakisalimiani.

Hatua ya nne: Uliza nasaba

Uzito ni urefu wa bwana arusi. Nasaba ni tabia yake, na tabia imeandikwa nyuma ya kidumu kwa herufi ndogo ambazo watu hawazisomi. Wengi huishia kwenye picha ya gari la mashindano iliyoko mbele.

Taasisi ya Petroli ya Marekani, API, hugawa oili kwa herufi. Zinazoanza na S ni za petroli. Zinazoanza na C ni za dizeli. Baada ya C, kadiri herufi inavyosonga mbele katika alfabeti ndivyo kizazi kinavyokuwa kipya: CH-4 ilitoka 1998, CI-4 ilitoka 2002, na CK-4 ilitoka Desemba 2016. Kijana kwa kawaida huweza kazi ya mzee wake, kwa hiyo gari linalotaka CH-4 likipewa CI-4 hushukuru. Mzee hawezi kazi ya kijana. Na kuna jamaa mmoja anaitwa FA-4, mwepesi, aliyetengenezewa injini maalumu za malori mapya. Usimwite harusini kama kitabu hakikumtaja kwa jina.

Kidumu kikiwa na S peke yake, kirudishe rafuni. Hakikuandaliwa kubeba masizi ya dizeli.

Magari ya Ulaya yana kadhi wao, ACEA, na hapa watu hutelezea, kwani naye ana C yake yenye maana nyingine. C ya ACEA, kama C3, ni oili ya majivu machache kwa magari madogo yenye chujio kwenye ekzosi. E ni ya malori. Wajapani nao wana JASO: DL-1 ni ya dizeli ndogo yenye chujio, DH-1 na DH-2 ni za malori. Ikiwa kitabu chako kinazungumza lugha moja kati ya hizi, zungumza lugha hiyohiyo dukani.

Neno "majivu" lishike vizuri, kwa kuwa ndilo lililomgharimu ami yangu.

Ami alikuwa na pikapu kongwe, dizeli ya lita 4.2 isiyo na turbo, iliyompeleka Sur na kumrudisha kwa miaka mingi. Ilikunywa oili moja tangu aliponunua, na ilikuwa na haki ya kuipenda. Kisha akanunua gari la dizeli lililotoka Ulaya, la aina iliyokuja baada ya kanuni ya Euro 5 ya mwaka 2009, lenye chujio la masizi. Kwa mapenzi yaleyale akalitilia oili ileile ya pikapu. Hakukosa uaminifu hata kidogo. Alimpa binti mpya mume wa marehemu.

Chujio lile hukusanya masizi, kisha gari huongeza joto na kuyachoma. Masizi ni kama mkaa, huwaka yakaisha. Lakini viungo vya zamani vinavyoua asidi ndani ya oili vikiungua huacha majivu, na majivu hayawaki mara ya pili, kama kila mwenye jiko la mkaa anavyojua. Yalijaa kidogokidogo mpaka taa ikawaka kwenye dashibodi, gari likapoteza nguvu, na bei ya chujio jipya ikamfanya ami akae kimya jioni nzima. Akaniambia neno moja tu: "Mwanangu, ningejua ningesoma." Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya neno hilo.

Gari lenye chujio litafutie oili ya majivu machache. Gari kongwe lisilo nalo, fuata kitabu, na kama linakwenda mahali penye dizeli ya salfa nyingi, kumbuka kwamba oili huko huchoka mapema, kwa kuwa asidi ni nyingi zaidi. Nchi za Afrika Mashariki zilishuka mpaka salfa ya sehemu 50 kwa milioni kuanzia 2015, na hilo limezisaidia injini kama lilivyoyasaidia mapafu.

Hatua ya tano: Mahari

Usimchague kwa ughali wala kwa urahisi. Oili ya sanisi huvumilia joto muda mrefu zaidi. Ya madini humfaa gari kongwe ambalo mzee wake aliiruhusu na linalomwagwa oili kwa wakati. Oili ya bei nafuu yenye nasaba iliyotajwa kitabuni ni bora kuliko ya bei ya dhahabu isiyo na nasaba hiyo.

Kinachotisha ni bwana arusi bandia: kidumu halali kilichojazwa oili chafu iliyochujwa. Nunua kwa wakala au duka lenye jina la kulinda, na dai risiti. Kagua lakiri chini ya kifuniko, tarehe, na namba ya toleo. Maandishi yaliyopinda na gundi iliyovuja ni dalili mbaya. Ukimaliza, kitoboe kidumu kitupu. Kidumu kizima kilichotupwa huweza kurudi rafuni na mume mwingine ndani.

Hatua ya sita: Nikahi

Siku ya ndoa ni pale kwenye gereji, tuseme sanaiya ya Wadi Kabir, saa kumi jioni, jua likianza kusamehe. Fundi wako huenda ametoka Kerala, au Punjab, au Chittagong. Amefungua injini nyingi kuliko milango uliyoifungua, kwa hiyo msalimie vizuri.

"Arbab, oili namba ngapi?" atauliza.

Hapo ndipo unapotoa simu na kumsomea: uzito, daraja, lita. Usimwambie "ile nzuri." Kila mtu ana nzuri yake. Mshenga mwema huhitaji kuambiwa jina la binti.

Simama karibu, wewe ni shahidi. Oili hushushwa ikiwa na joto kidogo, ili itoke na uchafu wake. Filta ibadilishwe kila mara, na mpira wake wa zamani usibaki umeganda kwenye injini. Kumtia oili mpya na filta kongwe ni kumleta bwana arusi mpya kwenye kitanda ambacho shuka hazijafuliwa. Kisha oili itiwe pungufu kidogo ya kipimo cha kitabu, injini iwashwe dakika moja, izimwe, isubiriwe kidogo, gari likiwa kwenye usawa, ndipo stiki ichomolewe. Alama ya oili iwe baina ya mistari miwili. Kuzidisha si ukarimu: oili ikipanda mno hupigwa na krenkshafti ikatoa povu, na povu halilainishi chuma.

Mwisho, andika hati ya ndoa. Karatasi ndogo chini ya boneti: jina la oili, uzito na daraja lake, tarehe, na kilomita.

Hatua ya saba: Maisha ya ndoa

Ndoa hudumu kwa kuangaliwa. Chomoa stiki mara moja kila wiki, na kabla ya kila safari ndefu. Oili ikipungua, tafuta inakovuja au inakoungua. Ikiongezeka bila kuongezwa, usifurahi: katika gari lenye chujio linalokwenda safari fupifupi, dizeli ambayo haikuungua huteremka ikaifanya oili nyepesi. Mpe gari safari ndefu ya kutosha chujio kujisafisha, na oili iliyopanda juu ya alama imwagwe.

Kuhusu muda wa kumwaga, soma ule ukurasa wa "mazingira magumu" ambao watu hudhani umeandikiwa wengine. Vumbi, joto kali, tela, safari fupi, foleni: hiyo ni anwani yetu. Foleni ya Barabara ya Sultan Qaboos na kiyoyozi kikivuma haisogezi kilomita, lakini injini iko kazini. Mchanga wa Sharqiya huingia kwenye chujio la hewa, na ukipita hapo huwa msasa ndani ya oili. Na wanakemia wana kanuni ya makadirio: kila joto la oili likipanda nyuzi 10, kasi yake ya kuharibika huwa karibu maradufu. Vitabu vingi huagiza muda upunguzwe, mara nyingi kwa nusu. Kitii chako.

Ukiteremka mlima au ukifika baada ya mwendo mkali, usizime injini papo hapo. Mwache turbo dakika moja apumue, oili impoze. Hata mgeni aliyekuja mbio hupewa maji kwanza.

Hatua ya nane: Talaka ya heshima

Oili iliyokwisha kazi haitupwi wadini. Mvua ya siku moja ikija, wadi itaichukua mpaka visimani na mashambani. Hii ni nchi ambayo mifereji yake ya maji, aflaji, iliingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006 kwa kuwa watu wa kale waligawana maji kwa kipimo na kwa haki. Wao walihesabu zamu ya maji, sisi hatuwezi kushindwa kuhesabu lita za oili chafu na kuzirudisha kwenye gereji yenye pipa la kukusanyia.

Ami alibadilisha chujio. Gari lile bado liko mlangoni kwake, na chini ya boneti kuna karatasi iliyobandikwa kwa utepe, mwandiko wake mwenyewe: uzito, daraja, tarehe, kilomita. Juu kabisa, kabla ya namba yoyote, ameandika maneno mawili kwa wino mzito: *Muulize mzee.*